Haller Park, Bamburi: ziara ya wanafunzi, na kupanda miti kwenye timbo la matumbawe

mwl_takaungu anauliza:

Hamjambo wana jukwaa. Nina klabu ya mazingira ya wanafunzi 42 wa gredi ya 7 na ya 8, pande za Takaungu. Tunakusudia kuwapeleka Haller Park kwa siku moja, na twiga si sababu kuu. Nyuma ya shule kuna timbo lililoachwa, ekari moja na nusu hivi. Mawe ya matumbawe yamechongwa humo mpaka sakafu imebaki jeupe tupu, jua likipiga hata macho hayafunguki. Kamati ya shule inataka kulipanda miti, na watoto ndio watakaoitunza.

Nauliza hivi. Twende mwezi gani? Tuanzie wapi tukifika, ili siku isiishie kwenye mamba na nyoka? Wanafunzi waangalie nini hasa kitakachowafaa huku nyumbani? Na kwa wanaojua kazi ya miti: kilichowezekana Bamburi kinawezekana kwetu, na kwa miche mingapi? Asanteni.

---

njia_ya_malindi anajibu:

Mwalimu, nianze na safari yenyewe.

Mkitoka Takaungu mnashuka Vipingo, Kikambala, Mtwapa, Shanzu, kisha Bamburi. Lango liko upande wa bara, kwa hiyo kwenu ni mkono wa kulia na dereva atalazimika kukata barabara ya Malindi. Mwambie mapema, asije akafunga breki ghafla. Makondakta wa siku nyingi bado huita kituo hicho Nature Trail, kwa sababu bustani ilipofunguliwa kwa wageni miaka ya 1980 jina lake lilikuwa Bamburi Nature Trail.

Kitakachowachelewesha ni Mtwapa. Asubuhi magari husongamana pale darajani, na mkiondoka Takaungu saa mbili mtafika Bamburi jua limeshapanda. Ondokeni saa kumi na mbili na nusu. Bustani hufunguliwa saa mbili asubuhi, na saa mbili hadi nne ndio wakati mzuri kuliko wote: kuna kivuli, ndege wanalia, kuro na pofu bado wanatembea, na makundi ya watalii hayajafika.

Watu wengi huipanga siku kwa kufuata saa za kulisha wanyama. Twiga hulishwa mara mbili, saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, na viboko jioni kwenye saa kumi. Kundi la shule likianza na twiga, basi. Watoto watashika chakula, watalambwa viganja, na baada ya hapo hakuna atakayekusikiliza ukimwambia ainame atazame udongo. Fanyeni kinyume: msitu kwanza, mabwawa ya pili, twiga wa saa tano ndio mapumziko yenu, halafu chakula cha mchana, na mwisho nyoka na mamba. Saa nane na nusu muwe kwenye gari. Viboko wa saa kumi waacheni, la sivyo mtaingia Mtwapa na watu wanaotoka kazini.

Kiingilio hubadilika, na wanafunzi wana kiwango chao. Pigeni simu wiki mbili kabla, muombe kiongozi wa kundi, na siku yenyewe mje na barua ya shule yenye mhuri pamoja na orodha ya majina. Msipoomba kiongozi mapema mtaungana na kundi lingine, na maelezo mtakayopata yatakuwa ya wanyama tu. Watoto 42 ni wengi kwa kiongozi mmoja. Gawanyeni makundi mawili ya 21, moja lianze msituni na jingine mabwawani, yabadilishane baada ya saa moja.

Vifaa: viatu vya kufunika vidole, kofia, maji lita moja na nusu kwa kila mtoto katika chupa ya kujazwa tena. Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumia mara moja katika maeneo ya hifadhi tangu Juni 2020, na mifuko ya plastiki tangu 2017, kwa hiyo vitafunio vifungwe kwenye vyombo. Na visitolewe njiani. Tumbili wa pale wanaujua mlio wa mfuniko wa bakuli.

---

kitalu_pwani anajibu:

Mwalimu, swali lako la tatu na la nne ni swali moja. Ukijua cha kuangalia Bamburi, nusu ya kazi ya timbo lenu umeshaimaliza.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kuzalisha mwaka 1954. Mawe yake yalitoka kwenye mwamba wa matumbawe ya kale, uliokuwa chini ya bahari zama hizo. Ulichimbwa kwa miaka karibu ishirini hadi karibu na usawa wa maji ya chini, ukaacha uwanja wa chokaa usio na udongo, joto kali mchana, na maji ya chumvichumvi chini kidogo tu ya sakafu. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa akitunza bustani za kampuni, alianza kutafuta mti utakaoishi pale. Alijaribu aina 26. Zikabaki tatu: mvinje, damas na mnazi. Mvinje ndio uliobeba kazi.

Sasa simamisheni watoto chini ya mivinje na muanze kuuliza kwa nini ni mvinje.

Kwanza mizizi. Mwombeni kiongozi awaonyeshe mzizi wa juu juu wenye vinundu, vile vishada vya rangi ya kahawia vinavyofanana na matumbawe madogo. Ndani yake wanaishi bakteria waitwao Frankia, ambao huchukua naitrojeni ya hewani na kuupa mti mbolea. Chokaa tupu haina naitrojeni, ndiyo maana aina nyingine 23 zilishindwa, na chumvi ikazimalizia. Mvinje hustahimili chumvi na huja na mbolea yake mwenyewe, mradi bakteria hao wawepo. Wasipokuwepo, mche hukaa miezi ukiwa na urefu wa kiganja, rangi ya manjano, mpaka unakufa. Watu husema mvinje umekataa udongo, kumbe hakuna aliyeupa bakteria wake.

Pili, vile vinavyoanguka chini. Watoto wataviita sindano au majani. Waambie wavute kimoja polepole: kitakatika kwenye viungo. Hicho ni kitawi. Majani yenyewe ni vigamba vidogo vinavyozunguka kila kiungo, kwa kawaida 6 hadi 8. Wavihesabu kwa kioo cha kukuzia. Mti wenye majani madogo namna hiyo haupotezi maji mengi, na hapo wameshaelewa kwa nini unaishi kwenye jua la timbo.

Tatu, na hili ndilo la kukaa nalo muda mrefu zaidi: jongoo. Mivinje ya kwanza ilikua vizuri, lakini sindano zikarundikana chini bila kuoza. Zina tanini nyingi, na bakteria wa kuozesha hawakuziweza. Bila kuoza hakuna udongo, na bila udongo hakuna mti mwingine utakaoota. Haller akaona jongoo mkubwa mwenye miguu myekundu, huyuhuyu tunayemjua wote Pwani, akizila zile sindano. Majongoo wakakusanywa kwa mamia wakaachiwa msituni. Walizisaga sindano, na kinyesi chao kikawa chakula cha bakteria, kikageuka udongo mweusi. Miti mingine, nyasi, wadudu, ndege na hatimaye wanyama wakubwa walikuja kukaa juu ya kazi hiyo.

Wapeni watoto rula na kijiti, wapime kwa ruhusa ya kiongozi: tabaka la sindano kavu ni sentimita ngapi, tabaka la zilizosagika ni ngapi, la udongo mweusi ni ngapi, na chokaa nyeupe inaanzia wapi. Wapime chini ya mivinje mizee, kisha ukingoni mwa njia. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ni miaka ya kazi, na kwenye daftari itaonekana wazi kuliko maelezo yoyote.

Kwa hiyo mwezi wa kwenda unaamuliwa na jongoo. Kiangazi cha Januari hadi Machi hujificha chini kabisa na mtawaona wachache au msiwaone. Nendeni Mei, mvua za masika zikiwa zimelainisha ardhi, au Novemba wakati wa vuli. Mei ina matope, ni kweli, lakini somo lote liko juu ya ardhi.

Sasa timbo lenu. Msianze kwa kuagiza miche. Anzeni kwa kuchimba mashimo ya majaribio matano, moja kila pembe na moja katikati, kwa mtaimbo na sururu, hadi mita moja. Subirini siku nzima. Andikeni maji yametokea kwenye kina gani, na muyaonje kwa ncha ya ulimi bila kuyameza. Bamburi ilifaulu kwa sababu sakafu iliachwa karibu na maji, mzizi wa mche uliyafikia mapema. Matimbo mengi ya Kilifi si hivyo: mengine yameishia mita nyingi juu ya maji, na humo mvinje utakufa kiangazi cha kwanza mkiacha kumwagilia. Leteni majibu ya mashimo, tutaendelea.

---

saida_b anajibu:

Nyongeza kwa usalama wa watoto.

Jongoo akishikwa hutoa majimaji ya hudhurungi. Hayaui, lakini yanatia doa na kuwasha, na yakiingia machoni yanachoma sana. Wamtazame akiwa chini. Aliyemshika anawe kwa sabuni kabla ya kugusa uso au chakula, kwa hiyo bebeni kipande cha sabuni na dumu la lita tano. Na wafundisheni kumtofautisha na tandu: jongoo ni wa mviringo, ana jozi mbili za miguu kwenye pingili nyingi na huenda polepole, tandu ni bapa, ana jozi moja kwa kila pingili, hukimbia na huuma.

Kwenye nyoka wasigonge vioo. Kwenye mabwawa wasikae ukingoni hata kama maji yametulia. Mamba wa Nile hukaa chini ya magugu ya maji bila kuonekana. Kobe wakubwa wa Aldabra hutembea huru, na wengine wana zaidi ya kilo 200. Hawapandwi mgongoni.

Wanafunzi watauliza habari za Owen na Mzee, maana wengi wameisoma. Owen ni mtoto wa kiboko aliyebaki peke yake pwani karibu na Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004. Akaletwa Haller Park, akajishikiza kwa kobe mzee aitwaye Mzee, wakawa wanalala na kuogelea pamoja. Baadaye Owen alikuwa mkubwa mno kwa usalama wa kobe, akahamishiwa kwa kiboko jike. Waelezeni hivyo kabla ya kuondoka shuleni, wasije wakatumaini kuwakuta wawili wamelala ubavu kwa ubavu.

---

fundi_kokoto anajibu:

Ziara ni nzuri, lakini mwalimu asiwapeleke watoto wakatoka wakidhani kiwanda cha saruji kikipanda msitu basi hesabu imefungwa. Chokaa ikichomwa kwenye tanuri hutoa kaboni dayoksaidi kutoka ndani ya jiwe lenyewe: tani moja ya chokaa safi hutoa kilo 440, kabla hujahesabu makaa ya kuwashia tanuri. Msitu wa Bamburi umerudisha ardhi. Haurudishi hewa yote iliyotoka. Kiwanda kiko palepale na kinaendelea na kazi. Tangu mwisho wa 2024 kampuni iko mikononi mwa Amsons ya Tanzania. Wanafunzi wa gredi ya 8 wanaweza kulibeba swali hilo. Waambieni wamuulize kiongozi: nani anagharamia bustani hii, na mchimbaji mdogo asiye na kiwanda nyuma yake angeanzaje?

Kwa timbo lenu, angalieni kuta kabla ya jambo lolote. Timbo la matofali ya matumbawe huwa na kuta zilizosimama wima, na mvua za masika hulegeza vipande. Mtoto asifanye kazi ndani ya mita tatu kutoka chini ya ukuta. Ukingo wa juu uwekewe uzio, hata wa mikonge au mchongoma. Shimo lolote linaloshika maji lizungushiwe boma siku hiyohiyo. Watoto wanazama kwenye matimbo kila masika. Tena maji yaliyotuama ni nyumba ya mbu, kwa hiyo ama mfukie au mtie perege.

Na ulizeni ardhi ni ya nani. Sheria ya Madini ya 2016 inamtaka mwenye kibali awe na mpango wa kurudisha eneo alilochimba. Kama mwenye timbo yupo, tingatinga lake lirudi kusambaza udongo wa juu uliorundikwa kando. Lundo hilo, likiwepo, lina thamani kuliko miche 1,000.

---

mwl_takaungu:

Shukran sana nyote. Mashimo tumechimba na wazee wa kamati. Pembe ya mashariki maji yametokea sentimita 45, yana chumvi kidogo. Katikati maji yako sentimita 80. Mashimo matatu ya upande wa magharibi ni makavu hadi mita moja, na chini ni mwamba mgumu unaolia ukiugonga. Lundo la udongo mwekundu lipo, kama malori manne. Mbuzi wa kijiji hupita humo kila siku. @kitalu_pwani, tuendeleeje?

---

kitalu_pwani anajibu:

Mashimo yenu yameshaligawa timbo. Mashariki na katikati pana maji, huko ndiko kwa mvinje. Magharibi pasiguswe mwaka wa kwanza. Fanyeni pahali pa kitalu, mboji na kivuli.

Hesabu: mkipanda mita 2 kwa mita 2, ekari moja huchukua kama miche 1,000. Eneo lenu lenye maji huenda ni robo tatu ya ekari, yaani miche 750. Lakini msipande yote kwa pamoja. Masika ya kwanza pandeni 150 pale mashariki tu. Watoto 42 wakigawana, kila mmoja ana miti mitatu au minne, na anaweza kuitunza kweli. Mkipanda 750 siku moja ya sherehe, Januari mtahesabu vijiti.

Mbegu au miche? Miche ya mvinje inauzwa Kilifi na Malindi nzima kwa sababu wakulima huipanda kwa ajili ya mapau na boriti, na KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, wana kituo Gede mnakoweza kupata mbegu na ushauri. Kama mnataka watoto waanzie mwanzo, chumeni vikoni vilivyoanza kugeuka kahawia kabla havijafunguka. Vitandazeni juu ya kitambaa mahali pasipo upepo, siku mbili tatu vitaachia mbegu. Ni ndogo mno, kilo moja ni mamia ya maelfu, na huisha nguvu haraka; zikikaa miezi michache kwenye joto la kawaida nyingi hazioti. Sieni mara moja.

Adui wa kwanza ni chungu. Wanabeba mbegu zote usiku mmoja. Wekeni trei juu ya meza, kila mguu wa meza ukae ndani ya kopo lenye maji. Trei ijazwe mchanga safi, mbegu zinyunyizwe juu, zifunikwe kwa mchanga mwembamba usiozidi milimita 5, na maji yamwagwe kwa chupa ya matundu madogo, maana mkondo wa kopo huzisomba zote pembeni. Zitaota kati ya wiki moja na tatu. Zikifika sentimita 5 hadi 10 zihamisheni kwenye viriba (vifuko vya miche), kivulini wiki mbili, halafu taratibu mzizoeshe jua. Baada ya miezi minne hadi sita zitakuwa sentimita 30 hadi 50, na hapo ziko tayari.

Bakteria msiwasahau. Tafuteni mivinje ya zamani kwenye shamba la jirani, fukueni mizizi ya juu mchukue kiganja kimoja cha vinundu vibichi. Vioshe, viponde kwenye kinu, vikorogeni katika lita moja ya maji, chujeni kwa kitambaa, na kila kiriba kipate kijiko kimoja karibu na shina. Fanyeni siku hiyohiyo ya kuvichuma. Vikikauka kazi ni bure. Msipopata vinundu, changanyeni kwenye udongo wa viriba sehemu moja kati ya tano ya udongo kutoka chini ya mivinje mizee. Baada ya miezi miwili ng'oeni mche mmoja mtazame mizizi. Vinundu vipo, endeleeni. Havipo, rudieni kabla ya kupanda nje.

Shimo la kupandia: sentimita 60 kila upande. Kosa la kawaida ni kulirudishia uleule unga wa chokaa uliotoka. Ukilowa huganda kama saruji, mzizi unajizungusha ndani ya kiriba chake, na mche unageuka manjano kwa kukosa chuma. Jazeni sehemu mbili za ule udongo mwekundu na moja ya mboji au samadi iliyooza. Pale mashariki, maji yakiwa sentimita 45, shimo la 60 litajaa maji. Rudishieni kokoto hadi maji yafunikwe, kisha udongo, ili mizizi isisimame majini bali iyafuate. Katikati chimbeni hadi mwamba upasuke kuelekea maji, hata kama kundi zima litafanya mashimo manne tu kwa siku. Mche wa katikati uliowekwa juu ya mwamba usiopasuliwa utapendeza hadi Desemba.

Pandeni mvua ikishalowesha ardhi, jioni au siku ya mawingu. Mwagilieni lita 5 kwa mche mara mbili kwa wiki katika kiangazi cha kwanza, na mviringo wa mawe meupe kuzunguka shina muutoe, kwa sababu huakisi jua na kuunguza gome. Wekeni nyasi kavu au makuti badala yake.

Mbuzi: bila uzio msipande. Mchongoma huchukua miaka miwili kufunga. Kwa sasa tumieni fito na matawi ya miiba, mbanane, urefu wa mita moja na robo.

---

mwl_takaungu:

Na majongoo? Watoto wameshaanza kuuliza kama tuwakusanye sasa.

---

kitalu_pwani anajibu:

Bado. Jongoo akiachiwa kwenye sakafu tupu atakufa kwa jua au ataondoka. Subirini matawi yagusane na sindano zifunike ardhi kwa sentimita tatu au nne, pengine mwaka wa tatu. Mkifika hapo kusanyeni wakati wa mvua, kutoka mashamba ya karibu yenye mivinje, kwa kutumia jani au koleo la mti. Wakusanywe hukohuko kijijini. Msichukue hata mmoja kutoka Haller Park.

Kabla ya hapo waacheni watoto wafanye jaribio. Ndoo mbili zenye matundu chini, kila moja sindano za mvinje gramu 500, maji sawa, kivuli sawa. Moja tieni majongoo kumi, nyingine hakuna. Pimeni kila wiki mbili kwa muhula mzima.

Jambo jingine: mvinje si mti wa kuachwa peke yake. Chini ya kivuli chake mwenyewe miche yake haioti, na msitu wa umri mmoja huzeeka pamoja. Sindano zikishakuwa udongo, anzeni kuingiza miti ya kwetu, mbambakofi, mkwaju, mtomondo kule kwenye maji, na mpunguze mivinje mmoja kati ya minne. Iliyokatwa ni mapau ya kuezekea na kuni za jikoni shuleni. Na msiupande nje ya timbo, kwenye vichaka vya asili au ufuoni wanakotaga kasa. Huko kivuli na sindano zake huua vilivyokuwepo.

Moto nao: sindano kavu huwaka haraka. Acheni ukanda wa mita tatu uliofagiwa kati ya miti na njia ya watu, hasa Januari hadi Machi wakati kaskazi inavuma.

---

njia_ya_malindi anajibu:

Mwalimu, kama mna siku ya pili ya ziara huko mbeleni, pelekeni kundi Nguuni, kilomita chache bara kutoka Haller Park. Kuna mbuni, pofu, choroa na mikoma iliyosimama kwenye uwanda wa nyasi. Na Forest Trails, msitu wa njia za kukimbia na baiskeli ulioota vilevile kwenye machimbo, unafaa kulinganisha. Kwa siku moja na watoto 42, lakini, Haller Park pekee inatosha.

---

mwl_takaungu:

Tumekubaliana wiki ya tatu ya Mei. Kitalu tunaanza Jumatatu kwa trei mbili, na meza ya makopo ya maji fundi wa shule ameshaianza. @fundi_kokoto, mwenye timbo amepatikana. Anasema tingatinga analo ila mafuta hana.

---

fundi_kokoto anajibu:

Malori manne ya udongo kwenye eneo dogo hivyo, tingatinga halimalizi nusu siku. Mwambieni alete mashine, kamati ichangie dizeli, na msisambaze timbo zima. Udongo wote uende kwenye mashimo 150 ya mashariki na kitalu. Shimo la sentimita 60 ni futi za ujazo saba na kitu, nusu hivi ikienda kokoto na mboji, kwa hiyo mashimo 150 yatakula kama mita za ujazo 16 za udongo. Lori la kawaida la tani saba hubeba kama mita nne hadi tano. Maana yake malori manne yanatosha 150 kwa shida, na kitalu hakina uhakika. Ama mpunguze miche kidogo, ama mtafute lori jingine kabla ya mvua.